Kupanga fleti ya siku chache Dubai: hakiki kibali kabla ya kutuma fedha

Mfanyabiashara anayekwenda Dubai kufuata mzigo kwa wiki moja au mbili mara nyingi huona fleti ni nafuu kuliko hoteli. Jiko lipo, mahali pa kupangia sampuli papo, na watu watatu au wanne wanaweza kuchangia kodi. Hata hivyo, si kila fleti inayotangazwa Deira au Bur Dubai inaruhusiwa kupangishwa kwa siku. Anayegundua hilo akiwa ameshaingia na mabegi na fedha za mtaji ndiye anayeanza kuhangaika usiku kutafuta pa kulala.

Biashara hii inaongozwa na Amri Na. 41 ya mwaka 2013 kuhusu nyumba za mapumziko katika Emireti ya Dubai. Kwa mujibu wa amri hiyo, hakuna anayeruhusiwa kupangisha nyumba kwa wageni wa muda mfupi bila idhini ya mamlaka ya utalii, ambayo mwaka 2021 iliunganishwa na idara ya uchumi na kuwa Idara ya Uchumi na Utalii. Mwanzoni idhini ilitolewa kwa makampuni peke yake. Kuanzia mwaka 2016 mwenye nyumba binafsi naye aliruhusiwa kujiandikisha moja kwa moja. Hivyo basi, usimkatae mpangishaji kwa sababu tu hana kampuni, wala usimwamini mwingine kwa sababu tu anayo. Kinachotakiwa ni kibali cha fleti yenyewe, chenye namba yake. Kampuni yenye fleti kumi zenye vibali inaweza kukupeleka katika ya kumi na moja isiyo nacho.

Karatasi zinazochanganya watu

Ukimwuliza dalali kuhusu kibali, mara nyingi atakutumia picha ya karatasi nyingine, na mgeni akiona maandishi ya Kiarabu na muhuri huridhika. Iliyo maarufu zaidi ni Ejari. Hiyo ni hati ya kuonyesha kwamba mkataba wa upangaji umesajiliwa serikalini. Inathibitisha kuwa mtu fulani amepanga fleti hiyo; haisemi kwamba anaruhusiwa kukupangishia wewe kwa siku sita. Ankara ya umeme na maji ya DEWA nayo inaonyesha nani analipia umeme, basi. Leseni ya kampuni ya biashara ya jumla pia haihusiani na kulaza wageni.

Suala la Ejari lina uzito wake. Sheria Na. 26 ya mwaka 2007 ya wenye nyumba na wapangaji wa Dubai inamkataza mpangaji kumpangishia mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, isipokuwa mkataba wao useme vingine. Akifanya hivyo, mwenye nyumba anaweza kuomba aondolewe, na amri ya kuondolewa inamhusu pia aliyepangishwa na mpangaji. Sheria inamwachia huyo wa pili haki ya kumdai fidia aliyempangishia. Kwa karatasi haki hiyo ni nzuri, lakini mtu mwenye tiketi ya kurudi Entebbe au Dar es Salaam Jumapili hatakaa kufungua madai.

Ikumbukwe pia kuwa amri ya mwaka 2013 ni ya Dubai pekee. Wengi hulala Sharjah au Ajman kwa kukwepa bei, kisha huvuka kila asubuhi kwenda sokoni. Kibali cha Dubai hakifanyi kazi huko, na mpangishaji wa Sharjah anayekuonyesha kibali cha Dubai anakuonyesha cha nyumba nyingine.

Namna ya kuuliza

Kabla ya kutuma kishika nafasi, andika ujumbe mfupi: naomba nakala ya kibali cha fleti hii, jina la mwenye kibali na namba ya fleti. Kisha linganisha. Jina la jengo na namba ya fleti kwenye kibali viwe vilevile utakavyofikia. Kibali hutolewa kwa muda maalumu na huhuishwa, kwa hiyo tazama tarehe ya mwisho. Jina la anayepokea fedha lifanane na la mwenye kibali. Likitofautiana, aeleze kwa nini. Ukiwa na shaka, iandikie Idara ya Uchumi na Utalii ukitaja namba hiyo. Mpangishaji halali hakasiriki akiulizwa. Anayejibu kwamba Waafrika wote wanakaa hapa na hakuna tatizo amekwisha kukujibu.

Kipimo kingine ni Dirham ya Utalii, tozo inayokusanywa na mpangishaji kwa niaba ya serikali. Ni dirham 10 kwa kila chumba cha kulala kwa usiku mmoja katika fleti za daraja la kawaida, na dirham 15 katika daraja la juu. Fleti ya kawaida ya chumba kimoja kwa usiku 7 ni dirham 70, yaani kama dola 19. Uliza imo ndani ya bei au inaongezwa, na iandikwe kwenye risiti. Asiyejua tozo hiyo ni nini huenda hajawahi kuiwasilisha.

Mwenye kibali atadai pia pasipoti za wote watakaolala humo, kwa sababu anatakiwa kuwasajili wageni. Wapo wanaoona huo ni usumbufu, hasa kundi likiwa limeandikisha watu wawili na kulaza watano. Hao watatu wasio kwenye orodha hawana cha kumwonyesha mlinzi wa jengo.

Kupanga kitanda tu

Njia ya bei ya chini kabisa ni kulipia kitanda katika chumba kilichogawanywa kwa mbao au jipsamu. Mwezi Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilianza msako wa vyumba vilivyogawanywa bila idhini, ikiwamo Al Rigga na Al Muraqqabat katika Deira, ikitaja usalama na hatari ya moto. Hofu hiyo si ya kubuni: Aprili 2023 moto katika jengo la makazi eneo la Al Ras, jirani kabisa na soko la viungo, uliua watu 16. Kwa maoni yetu akiba ya kitanda haifai kwa mtu aliyebeba mtaji wa duka. Bora hoteli ndogo ya kawaida yenye leseni.

Wanaounganisha safari hadi Guangzhou

China utaratibu ni mwingine, na huko kosa linaweza kuwa lako mwenyewe. Sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 2013 inataka mgeni anayelala nje ya hoteli, yeye au mwenyeji wake, ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli hukufanyia hilo mapokezi. Kwenye fleti ya mtu usisubiri akukumbushe. Asiyejiandikisha anaweza kuonywa na kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Ukipewa karatasi ya usajili itunze pamoja na pasipoti, maana itaulizwa ukitaka kuongeza muda wa viza.

Kuhusu mzigo

Maduka ya Deira hukubali kukuletea bidhaa mlangoni. Usiwape anwani ya fleti. Wape ya ghala la wakala wako wa mizigo, wazipokee, wazihesabu na kukupa risiti siku hiyohiyo. Ukitakiwa kuhama ghafla, utabeba begi lako tu. Na msafirishaji anayepokea mzigo wa mteja aliyefikia fleti aombe namba ya simu ya pili, ya nyumbani, mbali na ile ya laini ya Dubai.