Kumpata Mshauri Nasaha Anayekufaa: Mwongozo kwa Waamini wa Kinondoni, Temeke na Pembezoni mwa Jiji



Katika ofisi za parokia zetu, kuanzia Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi, kuna swali linaloulizwa mara nyingi na kwa sauti ya chini: “Padre, nimpeleke wapi?” Anayeuliza huwa ni mama ambaye binti yake ameacha kula na kulala, mume ambaye ndoa yake imebaki jina, mzazi wa kijana aliyenaswa na dawa za kulevya, au mjane ambaye majirani wamekwisha kuanua matanga lakini moyoni mwake msiba ungali mbichi. Wengi wao wamekwisha kuzunguka kwa miezi, pengine kwa miaka, wakitumia fedha na machozi, kabla ya kumfikia mtu mwenye ujuzi wa kuwasaidia. Makala hii inakusudia kuifupisha safari hiyo.

Tunalotaka kusema ni hili: mshauri anayekufaa si lazima awe yule mwenye jina kubwa. Ni yule ambaye kazi yake inalingana na shida yako, anayetunza siri, na ambaye unaweza kumfikia si mara moja tu bali kila inapohitajika.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Wapo waamini wanaodhani kwamba kumwendea mwanasaikolojia ni dalili ya imani haba. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa tabibu naye ameumbwa na Mungu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Elia anachoka hata anaomba kufa. Malaika hamkemei kwa kukosa imani. Anamletea chakula na maji, anamwacha alale, kisha anamwamsha ale tena. Utume mpya anaupokea baadaye, akiwa amekwisha kupata nguvu.

Mama Kanisa mwenyewe hutumia elimu ya saikolojia. Mwaka 2008, Idara ya Elimu Katoliki mjini Vatican ilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya elimu hiyo katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Mwongozo huo unataka mwanasaikolojia asaidie pale inapobidi, kwa ridhaa ya mseminari mwenyewe, wala asichukue nafasi ya mlezi wa kiroho. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika mazungumzo yake na Dominique Wolton yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 2017, alieleza waziwazi kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu mmoja wa saikolojia, mwanamke Myahudi, mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita. Kama Khalifa wa Mtakatifu Petro hakuona haya kulisema hilo, mwamini wa Tandika au wa Mbezi hana sababu ya kujificha. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwanza, itaje shida

Kabla ya kutafuta mtu, keti kimya na ujiulize: ni nini hasa kinachoniumiza? Kilianza lini? Kinanizuia kufanya nini? Andika majibu yako katika karatasi, hata kama ni mistari mitatu tu. Huzuni baada ya kufiwa, ugomvi wa ndoa, ulevi, hofu inayokuja ghafla bila sababu, sauti anazozisikia mtu peke yake, kumbukumbu ya ukatili uliofanywa utotoni: kila shida kati ya hizi ina mlango wake. Anayebisha mlango usio wake hupoteza muda, na akirudi mikono mitupu huamini kwamba hakuna msaada popote.

Nani hufanya kazi gani?

Wengi wetu tuliyasikia kwanza maneno “ushauri nasaha” katika vituo vya upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI. Kwa sababu hiyo, baadhi hudhani kuwa nasaha ni mazungumzo mafupi kabla ya kupokea majibu. Ukweli ni kwamba watoa huduma hii ni wa aina mbalimbali.

*Mshauri nasaha, au mnasihi,* husikiliza na kumsaidia mtu aione njia yake mwenyewe katika msiba, mahusiano, kazi au uamuzi mgumu. Haandiki dawa.

*Mwanasaikolojia tiba* amesomea namna fikra, hisia na mwenendo wa mtu vinavyoathiriana. Hutibu kwa vikao vya mazungumzo vinavyofuatana kwa mpango, kwa mfano katika sonona, hofu iliyopita kiasi au athari za ukatili. Naye haandiki dawa.

*Daktari bingwa wa afya ya akili* ni daktari wa tiba, na ndiye anayeweza kuandika dawa. Huyu ndiye wa kumwona pale mtu anaposikia sauti zisizokuwepo, anapokaa siku nyingi bila usingizi huku akiwa na nguvu zisizo za kawaida, au sonona inapomzuia hata kuinuka kitandani.

*Afisa ustawi wa jamii* hushughulikia matunzo ya watoto, migogoro ya familia, ukatili wa majumbani na wagonjwa wasio na uwezo. Anapatikana katika halmashauri ya manispaa na katika hospitali za serikali.

Pa kuanzia

Anza karibu na nyumbani: zahanati au kituo cha afya cha eneo lako. Eleza dalili bila kuzipunguza, na uombe barua ya rufaa ikihitajika. Kwa waamini wa Kinondoni, ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala. Kwa wa Temeke, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Na kwa wa upande wa Ilala, Amana. Katika hospitali hizi, uliza kliniki ya afya ya akili iko siku zipi, ili usipoteze nauli. Juu yake ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, jirani na Chuo Kikuu cha Muhimbili ambako wataalamu wa fani hii wanafunzwa.

Kwa walionaswa na heroini, tiba ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke. Mraibu hatakiwi kusubiri mpaka aache kwanza ndipo aende. Anakwenda ili asaidiwe kuacha.

Jimbo Kuu letu lina PASADA, yenye makao yake Chang'ombe, Temeke, ambayo tangu mwaka 1992 imewahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na familia zao, nasaha ikiwa sehemu ya huduma hiyo. Paroko wako pia anaweza kukuelekeza kwa watawa au walei waliosomea unasihi.

Kuhusu gharama, uliza mapema: kikao ni kiasi gani, na kama bima yako inakigharamia. Asiye na uwezo aende katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali kuulizia utaratibu wa msamaha wa matibabu. Piga pia hesabu ya njia. Mtaalamu wa mbali, unayemfikia kwa daladala tatu, utamwona mara mbili kisha utachoka. Wa karibu, hata kama hana sifa nyingi, utamwona mara kumi. Na ukipewa nafasi ya kuzungumza kwa simu, kumbuka nyumba zetu za kupanga zilivyo: ukuta mmoja, majirani wawili. Tafuta kwanza mahali ambapo utasema bila kunong'ona.

Maswali ya kumuuliza mshauri

Bango la “mshauri nasaha” linaweza kutundikwa na mtu yeyote. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Muulize:

1. Umesomea wapi, na umesomea nini? Ikiwa ni daktari, umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika?
2. Umewahi kuwahudumia watu wenye shida kama yangu?
3. Tutakutana mara ngapi, na tutajuaje kwamba ninaendelea vizuri?
4. Unatunzaje siri na kumbukumbu zangu, na ni wakati gani utalazimika kumwambia mtu mwingine?
5. Ikiwa shida yangu inazidi uwezo wako, utanipeleka kwa nani?

Swali la tano linafunua mengi. Mtaalamu wa kweli anaijua mipaka yake. Mwenye kuahidi kuponya kila kitu kwa siku saba, anayekuuzia dawa asizozitaja majina, anayekutaka uache dawa za hospitali, anayekugusa isivyostahili au anayetaka mkutane mahali pa faragha pasipo pa kazi, huyo mkimbie.

Je, ni lazima awe Mkatoliki? Hapana. Katika jiji hili tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba moja, na ujuzi hauulizi dini. Inatosha kwamba anaiheshimu imani yako, haidharau ndoa yako, na hakitumii kikao kukuhubiria dini yake. Vilevile ni halali mwanamke kuomba mshauri mwanamke, au mtu kuomba azungumze kwa lugha ambayo machozi yake yanaielewa.

Baada ya vikao vitatu au vinne, jipime. Huenda bado unaumia, kwani kidonda kinaposafishwa huuma. Lakini je, unasikilizwa? Unaondoka ukiwa na jambo la kufanya? Ikiwa sivyo, mwambie waziwazi, na ikibidi tafuta mwingine. Kubadili mshauri si usaliti.

Nasaha, Kitubio na maombezi

Sakramenti ya Kitubio huondoa dhambi, lakini sonona si dhambi. Mwamini anayeungama kila wiki “dhambi” ya kukosa usingizi na furaha anahitaji pia daktari. Kwa upande mwingine, nasaha haiondoi dhambi. Anayebeba kosa la kweli anahitaji msamaha wa kweli. Milango hii miwili haifungani.

Siri zake nazo hazilingani. Siri ya maungamo, kwa mujibu wa Sheria za Kanisa kanuni ya 983, haivunjwi kamwe wala kwa sababu yoyote. Siri ya mshauri ni nzito, lakini ina mpaka: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, atalazimika kuchukua hatua. Ni vema kulijua hilo tangu mwanzo.

Mintarafu maombezi: tuwaombee wagonjwa bila kuchoka, na tuwaletee Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Lakini si kila anayepiga kelele usiku amepagawa. Kanuni ya 1172 hairuhusu padre yeyote kufanya ibada ya kupunga pepo bila kibali maalumu cha Askofu, na busara ya Kanisa inadai kwanza kutofautisha ugonjwa na jambo lingine. Asiwepo yeyote katika vikundi vyetu vya sala atakayemwambia mgonjwa atupe dawa zake kama uthibitisho wa imani. Anayeacha dawa hizo ghafla anaweza kurudi katika hali mbaya kuliko ya kwanza.

Palipo na kipigo au mtoto anayeumizwa

Ugomvi wa kawaida wa ndoa unaweza kuanzia kwa wasimamizi wa ndoa, wazee wenye busara au paroko. Penye kipigo utaratibu hubadilika: usalama kwanza, usuluhishi baadaye. Kanuni ya 1153 inamruhusu mwenzi kuondoka pale mwenzake anapomtia katika hatari kubwa ya roho au mwili. Mama aliyejeruhiwa asirudishwe nyumbani kwa maneno ya “vumilia, mwanangu”. Apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, apate fomu ya PF3 na matibabu, nasaha itafuata.

Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa watoto, na hupigwa bila malipo.

Maisha yakiwa hatarini

Mtu akisema anataka kufa, usimkemee wala usidhani anatania. Muulize kwa upole kama amefikiria namna ya kujiua. Ondoa sumu ya panya, dawa za wadudu, kamba na vidonge. Usimwache peke yake hata kwa dakika chache, na umpeleke hospitali ya karibu siku hiyohiyo. Miadi ya wiki ijayo haitoshi. Nazo familia zilizokwisha kumpoteza mtu kwa njia hii zikumbuke kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kuwa maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wake wa milele.

Wajibu wa jumuiya

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, WAWATA, UWAKA na VIWAWA zinaweza kuwa daraja la kumfikisha mtu kwenye msaada, au kuwa sababu ya yeye kujificha. Habari ya mgonjwa ikitajwa katika nia za sala bila ridhaa yake, Jumamosi ijayo hatakuja. Tumsindikize kliniki, tumlindie watoto akiwa huko, tumchangie nauli, na midomo yetu ibaki imefungwa.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya waisome makala hii pamoja na wanajumuiya wao, na waandike pembeni majina ya kituo cha afya cha karibu na siku za kliniki yake, ili atakayeuliza kwa sauti ya chini apate jibu palepale.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa na Mfariji wa wenye uchungu, atuombee.