Masikio Mengi: Jinsi Pwani Ilivyowapima Manabii Wake

Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi, zikakuta bandarini vyombo vinne vya wafanyabiashara wa Kihindi. Shajara ya safari ile inasema Wareno waliwadhania Wahindi wale kuwa Wakristo. Wakawapandisha melini na kuwaonyesha picha ya Bikira Maria chini ya msalaba, Mwanawe mikononi. Wahindi wakasujudu. Siku zote meli zilipokuwa hapa walikuja kuomba mbele ya picha ile, wakiiletea karafuu na pilipili kama sadaka. Wareno wakaridhika kabisa. Walikuwa wamevuka bahari miezi mingi wakiwatafuta Wakristo wa Mashariki, na walipoona mtu anapiga magoti hawakuhitaji kumuuliza anamwabudu nani.

Mnara wa Vasco da Gama ungali pale kwenye rasi. Nikiwapeleka vijana wa darasa langu la kipaimara kuuona, huanza na habari ya picha, kisha ndipo nikaja kwenye mnara. Nataka wajue kwamba kosa la kwanza la Wakristo lililoandikwa katika mji wetu lilikuwa la kupambanua. Picha ilikuwa nzuri, magoti yalipigwa kwa moyo, na bado walioitazama hawakuelewana hata kidogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mzaliwa wa Jilore, juu ya mto Sabaki. Tangu 2023 watu huniuliza swali moja: iliwezekanaje maafa ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, yatokee kwetu? Huwajibu kwa historia, kwa sababu watu wa Pwani hii walikuwa na desturi za kumpima anayedai kusema kwa niaba ya Mungu au mizimu, na desturi hizo ni kongwe kuliko kanisa lolote lililosimama hapa.

Nianze na mburuga, yaani uaguzi wa Wagiriama, ingawa najua baadhi ya wenzangu kanisani watakunja uso. Mgiriama akiuguliwa alikwenda kwa mganga wa kupiga mburuga, lakini hakumweleza kilichomleta. Mganga ndiye aliyepaswa kukitafuta: mgonjwa ni mume au mke, mtoto au mzee, anaumwa kichwa au tumbo. Jamaa walikaa wakimsikiliza anavyobahatisha, wakiitikia anapopatia. Akikosea sana, waliondoka. Hata akipatia, familia yenye busara ilikwenda kwa mganga wa pili, asiyemjua wa kwanza, ilinganishe maneno. Hawe wangu, mama mzaa baba, aliacha mambo hayo alipobatizwa, ila tabia ya kutafuta sikio la pili hakuiacha. Muuza dawa, mposaji au mhubiri, kila mmoja alipewa kiti, akasikilizwa hadi mwisho, kisha akaambiwa arudi wiki nyingine.

Ukristo wenyewe ulifika kwa Wamijikenda, Wagiriama na Warabai wakiwamo, polepole mno. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alishuka Mombasa 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewazika mkewe Rosine na kichanga wao. Mwaka 1846 alianzisha kituo cha Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann. Miaka ikapita bila mtu kubatizwa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1850 alipobatizwa Mringe, mlemavu aliyekuwa kitandani akikaribia kufa. Rebmann alikaa Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa karibu kipofu, nyuma yake kikundi kidogo tu cha waumini.

Wahubiri wa siku hizi wakisikia hesabu hiyo hucheka. Mimi naiona kwa jicho jingine. Wazee wa Rabai waliwaruhusu wageni kukaa, wakawasikiliza, wakawauliza maswali, na hawakuona haja ya kuharakisha. Krapf naye alileta kitabu kabla ya kuleta umati: mwaka 1848 Injili ya Luka na Katekisimu ya Heidelberg zilichapishwa Bombay kwa lugha ambayo yeye aliiita Kinika. Katekisimu ni maswali na majibu. Maana yake mtu wa Rabai aliweza kushika mkononi kile ambacho mzungu yule alikuwa akihubiri, akampelekea jirani yake, wakakijadili naye hayupo. Mafundisho yaliyoandikwa hayamtegemei mhubiri awepo ili yaeleweke, wala hayabadiliki usiku.

Ndivyo imani ilivyosafiri kwenda bara, kwa mikono ya Wagiriama wenyewe. Abe Ngoa aliyefundishwa Rabai aliwafundisha watu wake huko Godoma, na Fuladoyo ikawa makazi ya Wakristo na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Kituo cha shirika la misheni la CMS cha Jilore kilifunguliwa mapema miaka ya 1890, na hapo ndipo ukoo wetu ulipoingia darasani.

Neno darasani nalisema kwa makusudi. Kabla ya maji ya ubatizo palikuwa na masomo, na kabla ya masomo palikuwa na kuulizwa: unaishi na nani, una deni la nani, umegombana na nani. Anayetaka kuoa alitangazwa Jumapili tatu, ili mwenye kipingamizi aseme. Sadaka ilihesabiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kijana aliyesema ameitwa na Mungu alipelekwa kwanza kufagia kanisa na kuwatembelea wagonjwa, na wanawake wa mtaa wake wakaulizwa habari zake. Watu huyaita haya urasimu. Kwangu mimi huku ndiko kupambanua roho kwenyewe, kumegawanywa katika kazi ndogo ndogo ambazo hata asiye na karama yoyote anaweza kuzifanya.

Namkumbuka mwinjilisti mmoja wa utotoni mwangu. Mama mmoja alimjia akitetemeka: ameota anaamriwa auze mbuzi wote na kuwahama watoto wake. Mwinjilisti hakumbishia. Alimwambia akalale, akaongee na mumewe, kisha mwezi ukiandama ailete ndoto yake mbele ya kina mama. "Neno la Mungu si tui la nazi," alisema, "halichachi likilala." Mwezi ulipoandama, mbuzi walikuwa zizini na mama yuko kwake, ameshagundua kilichokuwa kinamnyima usingizi: karo ya shule.

Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Ni kweli, ila inategemea wengi hao wanafanya nini. Mwaka 1966 Kajiwe wa Rabai alizunguka vijiji vya Kilifi akifichua wachawi, na maelfu wakamfuata. Aliyetajwa hakupata mganga wa pili wa kulinganisha, maana umati ulikuwa umekwisha kukubali. Umati una mdomo mmoja mkubwa. Baraza lina masikio. Ugonjwa ule wa kufichua wachawi haujatutoka. Hadi leo Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi shamba likiwa ndiyo sababu, na huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka watoto wao wenyewe. Katika nyumba za maombi nako nimewahi kusikia "ufunuo" unaomtaja bibi wa watu kuwa ndiye aliyefunga baraka za familia. Mkristo anayekaa kimya hapo amekubali.

Sasa nije Shakahola. Paul Mackenzie, aliyewahi kuendesha teksi, alianzisha kanisa lake hapa Malindi mwaka 2003. Alihubiri dhidi ya shule na hospitali, akashtakiwa 2017, na 2019, mwaka wa Huduma Namba, yaani namba ya utambulisho ya serikali, akawa anafundisha kwamba namba ile ni alama ya mnyama. Mwaka huohuo kanisa likafungwa. Wafuasi kutoka kaunti nyingi za Kenya wakamfuata kwenye msitu wa Shakahola, eneo la Chakama, na huko wakaingia kwenye mfungo. Aprili 2023 ufukuaji wa makaburi ukaanza, na miili iliyotolewa ikapita 400, mingi ikiwa ya watoto. Mackenzie amekana mashtaka. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, Chakama hiyohiyo.

Kutoka mjini Malindi, njia ya kwenda Shakahola ni ileile ya Jilore. Unaendelea tu mbele kuelekea lango la Sala la Tsavo. Ukiisafiri unaona kilichopungua kadiri nyumba zinavyoachana. Shule iliondolewa, na mwalimu akaondoka nayo. Hospitali iliondolewa, na muuguzi vilevile. Jamaa waliachwa mjini au bara. Kila sikio la pili lilitangazwa kuwa la shetani, na mwisho ikabaki sauti moja porini.

Na kufunga kwenyewe! Mtoto yeyote wa Malindi, hata wa Kikristo, anajua kufunga kulivyo, maana anaishi na Waislamu. Anajua Ramadhani ina magharibi yake, adhana ikilia watu hula. Anajua mgonjwa ameruhusiwa kula, msafiri ameruhusiwa, mjamzito ameruhusiwa, na mtoto mdogo halazimishwi. Kwaresima yetu nayo ina Pasaka yake. Mfungo usio na saa ya kufungulia hakuna dini ya Pwani iliyowahi kuujua. Hapa swali la jirani Mwislamu lingetosha: mnafungua lini? Ila pale msituni hapakuwa na jirani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Shakahola ilitokana na watu kukosa elimu au kuwa na imani kupita kiasi. Wengine walioingia msituni walikuwa wamesoma. Walichonyang'anywa ni ruhusa ya kuuliza, na waliikabidhi kidogo kidogo wakiwa bado mjini: kwanza wakaacha kuwasikiliza jamaa, kisha mwalimu wa mtoto, kisha daktari. Watu wa Beroya walimkagua Paulo mwenyewe kwa Maandiko, na Biblia inawasifu kwa hilo. Mhubiri anayechukia kukaguliwa anajiweka juu ya mtume.

Darasani kwangu sifundishi vijana kutambua mapepo kwa harufu wala kwa ndoto. Nawapa maswali wanayoweza kwenda nayo kwenye kanisa lolote watakalohamia, Mombasa, Nairobi au Ghuba: Nani hapa anaweza kumwambia mchungaji hapana, na akabaki mshirika? Nani anahesabu fedha? Mgonjwa akitaka kwenda hospitali, anasindikizwa au anaaibishwa? Nikimleta mama yangu asiye wa kanisa hili, atakaribishwa aulize? Wasipopata majibu, nawaambia warudi nyumbani siku hiyohiyo, wala wasione haya kupiga simu kuomba nauli.