Kompaila Mtambuka ni Sehemu ya Kifaa

Miongozo mingi ya Linux kwa mifumo pachikwa huanza na amri moja ya kusakinisha kompaila, kisha hukimbilia kerneli, viendeshi na programu za mtumiaji. Mpangilio huo humzoesha mhandisi kuziona zana kama matayarisho tu. Ninadai kinyume chake: kusakinisha zana ndio uamuzi wa kwanza wa usanifu wa kifaa, na anayenuia kukitunza kifaa hicho kwa miaka mingi hana budi kuzijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo.

Kompaila mtambuka huendeshwa kwenye kompyuta ya aina moja, mara nyingi ya x86-64, na kuzalisha programu za prosesa nyingine, mathalani ARM. Haifanyi kazi peke yake. Huandamana na binutils, ambamo mna asembla na kiunganishi, na faili za vichwa za kerneli, na maktaba ya C, iwe glibc, musl au uClibc-ng. Ugumu unatokana na kutegemeana: kompaila yenyewe, GCC, ikiwa kamili inahitaji maktaba ya C ya mfumo lengwa, na maktaba hiyo haikompailiki bila GCC. Ndiyo maana hujengwa kwanza GCC pungufu, inayojua C tu na isiyotegemea maktaba yoyote. Hiyo hukompaili maktaba ya C, kisha GCC hujengwa tena, safari hii kamili. Njiani mjenzi hulazimika kujibu: prosesa ya kizazi kipi, maktaba ipi, kerneli kongwe kiasi gani? Anayepakua zana zilizo tayari hajayakwepa maswali haya. Amepokea majibu ya mtu mwingine bila kuyasoma.

Chukua Raspberry Pi ya kwanza, ya mwaka 2012. Prosesa yake, ARM1176JZF-S, ni ya kizazi cha ARMv6 na ina kitengo cha maunzi cha kukokotoa namba za desimali. Debian, ilipoandaa armhf, mkondo wake wa prosesa zenye kitengo kama hicho, iliweka ARMv7 kuwa kiwango cha chini. Pengo hilo ndilo lililozaa Raspbian, ambamo vifurushi vya Debian vilikompailiwa upya ili vikubalike kwenye ARMv6. Lakini zana za pande zote mbili huitwa kwa jina lilelile, arm-linux-gnueabihf. Mhandisi akisakinisha zile za Debian, programu yake itakompailika bila onyo lolote, kisha itakatika ghafla kwenye ubao kwa kukutana na amri ambayo prosesa haiijui. Hata akiiagiza kompaila itoe msimbo wa ARMv6, hajapona: faili za kuanzisha programu, pamoja na libgcc, maktaba saidizi ya GCC, huunganishwa ndani ya programu yake, nazo zilikwisha kukompailiwa kwa ARMv7. Raspberry Pi Zero ya mwaka 2015 ina kiini kilekile cha ARMv6, kwa hiyo tatizo hili halikuishia kwenye ubao wa kwanza.

Maktaba ya C nayo ina masharti yake. glibc 2.34, iliyotoka Agosti 2021, iliipa toleo jipya fanksheni inayoanzisha kila programu ya C. Kwa sababu hiyo programu iliyounganishwa nayo, hata iwe ya mistari mitatu, hukataa kuanza kwenye Debian 11 yenye glibc 2.31. Iliyounganishwa na maktaba kongwe, kwa kawaida, huendelea kufanya kazi kwenye mpya.

Atakayenipinga atasema kwamba Arm, Debian na Bootlin hutoa zana zilizojengwa na kujaribiwa na wajuzi, na kwamba kujenga GCC hula saa na bando. Hoja hiyo ina uzito. Kwa mwanafunzi, au kwa kifaa cha maonyesho, zipakuliwe. Zile za Bootlin hata huja na maelezo ya kuzijenga upya. Ila ugumu wa kujenga umekuzwa kupita kiasi. crosstool-NG, mrithi wa crosstool ya Dan Kegel, iliyoanzishwa na Yann E. Morin, imeigeuza kazi ile ya hatua nyingi kuwa menyu ya machaguo. Prosesa, maktaba na vichwa vya kerneli huchaguliwa, na machaguo yote huandikwa katika faili moja la maandishi. Faili hilo na vifurushi vya msimbo chanzo, kwangu, ndivyo zana zenyewe. Saraka ya programu zilizokompailiwa ni zao lake. crosstool-NG huifungia saraka hiyo isiandikwe, na inafanya vyema, kwani mtu akipachika maktaba humo baadaye, faili la usanidi halisemi kweli tena.

Thamani ya faili hilo itaonekana miaka ijayo. Tarehe 19 Januari 2038 muda unaohesabiwa kwa biti 32 utajaa, na vifaa vya ARM vya biti 32 vinavyofungwa leo huenda vikawa bado kazini. musl ilihamia muda wa biti 64 katika toleo la 1.2.0, mwaka 2020. glibc, kwa prosesa za biti 32, inauruhusu kuanzia 2.34, lakini kwa chaguo linalowekwa wakati wa kukompaili, na programu ikipeana muda na maktaba nyingine lazima zote zikompailiwe kwa chaguo hilohilo. Atakayepewa kazi ya kurekebisha kifaa kama hicho mwaka 2036 atahitaji zana zinazoafikiana na maktaba iliyomo, na kompyuta yake huenda isiweze kuendesha kompaila iliyopakuliwa leo. Akikuta faili la usanidi na msimbo chanzo, atazijenga upya.