Mnada wa mtandaoni: Namna ya kumtambua mtoa dau wa kutiliwa shaka, na hatua za kuchukua

Mfanyabiashara wa Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, anaweza leo kushindania gari, pikipiki au shehena ya bidhaa kwa kutumia simu yake. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, huuza kwa mnada wa kielektroniki bidhaa zilizokwama katika maghala ya forodha, na wauzaji binafsi hunadi mali zao katika makundi ya WhatsApp na Facebook.

Urahisi huo una hasara yake. Katika mnada wa uwanjani washindani huonana uso kwa uso, na dalali humjua aliyeinua mkono. Mtandaoni, mtu mmoja aweza kujificha nyuma ya majina matano, na majina hayo yakashindana yenyewe kwa yenyewe.

Kwa nini jambo hili linawahusu wakazi wa mpakani

Oraba ni kituo cha forodha katika wilaya ya Koboko, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini. Ndipo inapokomea barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, inayounganisha mpaka wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Wengi wanaoishi kando ya barabara hiyo hutegemea biashara ya kuvuka mpaka, na wengine huwahi kukwama ushuru unapowashinda.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaeleza kinachofuata. Bidhaa zikikaa katika ghala la forodha zaidi ya siku 30, Kamishna hutoa tangazo. Zisipoondolewa ndani ya siku 30 tangu tangazo hilo, huhesabiwa kuwa zimetelekezwa na zaweza kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Fedha zinazopatikana hulipa ushuru, gharama za mauzo, kodi ya ghala na madeni mengine ya mzigo. Kikibaki kitu, mwenye mali anaweza kukiomba ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mauzo.

Kwa hiyo, mnada ukichezewa ili bei ishuke, hazina ya serikali haipotezi peke yake. Mwenye mali aliyekwishapoteza shehena hupoteza pia salio ambalo lingempa mtaji wa kuanza upya. Mnada ukichezewa ili bei ipande, anayeumia ni mnunuzi.

Sura nne za udanganyifu

Ya kwanza ni ya wapandishaji bei bandia. Anayesafiri kutoka vituo vya mabasi atalielewa jambo hili upesi: hukuta gari limejaa, akalipa nauli, kisha akaona nusu ya abiria wakishuka kwa kuwa walikodiwa kukaa tu. Katika mnada, muuzaji au rafiki zake hutoa dau wasilokusudia kulilipa ili mnunuzi wa kweli adhani mali inagombewa. Tuchukue mfano wa pikipiki. Mnunuzi mmoja yuko tayari kufika shilingi milioni 3.5, na mshindani wake wa kweli anaishia milioni 2.4. Bei ya haki ingekuwa kama milioni 2.45. Mpandishaji bandia akiisukuma hadi milioni 3.3, mnunuzi amenyang'anywa shilingi 850,000 bila kujua.

Ya pili ni njama ya kushusha bei. Wanunuzi hupatana kabla ya mnada kwamba mmoja tu ndiye atakayetoa dau, na wengine wanyamaze. Baadaye huiuza mali hiyo kwa bei ya juu na kugawana faida.

Ya tatu ni dau la kutishia. Mshirika mmoja hutoa dau dogo, na mwenzake hutoa dau kubwa mno linalowakimbiza wengine wote. Dakika za mwisho dau kubwa huondolewa, na mali huenda kwa yule wa dau dogo.

Ya nne ni mshindi asiyelipa. Huyu hushinda kisha akatoweka, au hutuma ujumbe wa kughushi unaodai kwamba fedha zimeingia. Wengine hudai wametuma kiasi cha ziada kwa makosa, wakaomba warudishiwe tofauti haraka.

Dalili za kuangalia

Pale ambapo orodha ya madau inaonekana, isomwe kama daftari la hesabu. Akaunti ya kutiliwa shaka aghalabu huwa mpya, haina historia ya manunuzi, na hujitokeza katika minada ya muuzaji mmoja tu. Huongeza bei kidogo kidogo mara tu mwingine anapotoa dau, kisha hunyamaza mnada unapokaribia kufungwa. Hushiriki mara nyingi lakini karibu hashindi kamwe. Ishara nyingine ni muuzaji anayemrudia aliyeshindwa na kumwambia kwamba mshindi amejitoa, hivyo achukue mali kwa dau lake la mwisho.

Hata hivyo, dalili moja si ushahidi. Anayetoa dau katika sekunde za mwisho anaweza kuwa mshindani mwerevu tu, na akaunti mpya yaweza kuwa ya mtu aliyenunua simu juzi. Shaka hupata uzito dalili kadhaa zinapokutana kwa mtu yule yule, tena katika minada zaidi ya mmoja.

Hatua kwa mnunuzi

Kinga ya kwanza ni kikomo. Kabla ya kutoa dau, mnunuzi aiandike bei ya juu kabisa anayoimudu, akijumuisha kodi, matengenezo na usafiri wa kuifikisha mali Koboko au Arua. Kikomo kikifikiwa, aondoke. Mpandishaji bandia hana nguvu juu ya mtu asiyevuka kikomo chake.

Kinga ya pili ni kuikagua mali kwa macho, au kumtuma fundi anayeaminika. Ya tatu ni njia ya malipo. Malipo ya URA hufanywa kwa namba maalumu ya usajili wa malipo, PRN. Anayedai fedha za mnada wa forodha zitumwe kwa namba yake binafsi ya simu asilipwe.

Akishuku njama, mnunuzi asimtukane mtu hadharani katika kundi. Apige picha za skrini zinazoonyesha majina, saa na viwango vya madau, aache kutoa dau, kisha amwarifu msimamizi wa mnada.

Hatua kwa muuzaji

Muuzaji wa kweli naye ana la kufanya. Anaweza kudai amana kabla ya kumruhusu mtu kushiriki, kuthibitisha majina ya washiriki, na kutangaza mapema kwamba dau likishatolewa haliondolewi. Anaweza pia kuweka kanuni ya kuongeza dakika chache kila dau jipya linapoingia mwishoni. Muhimu zaidi, asikabidhi mali kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza.

Sheria inasemaje

Katazo la muuzaji kujinadia kwa siri ni la zamani. Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 ilimruhusu mnunuzi kuyahesabu mauzo ya namna hiyo kuwa ya ulaghai, na sheria za Afrika Mashariki zilifuata kielelezo hicho. Mwaka 2000, mchoro ulionadiwa eBay kutoka California ulifika dola 135,805 kabla ya kampuni hiyo kuyafuta mauzo, baada ya kubainika kwamba muuzaji alikuwa ametoa dau kwa mali yake mwenyewe. Mashtaka ya jinai yalifuata mwaka 2001. Mwaka 2010, mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimwadhibu muuzaji aliyepandisha bei za bidhaa zake eBay.

Nchini Uganda, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inautaja ulaghai wa kielektroniki kuwa kosa la jinai. Aliyelaghaiwa apeleke taarifa polisi akiwa na picha za skrini, stakabadhi za malipo na namba za simu zilizotumika. Mnada ukiwa wa forodha, URA iarifiwe pia. Akihusishwa mtumishi wa umma, malalamiko hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG.

Taarifa itolewe mapema, kabla mali haijakabidhiwa na fedha hazijatolewa. Pikipiki ikishavuka Kaya, kuirudisha ni kazi ya nchi mbili.