Rashidi Kawawa Alipokuwa Muhogo Mchungu

Jina la Rashidi Mfaume Kawawa linapotajwa katika baraza za wazee wa Same, iwe ni kwenye kahawa ya jioni mjini au katika matanga huko milimani Mbaga na Chome, aghalabu huja limefuatana na vyeo vyake: Waziri Mkuu, Makamu wa Pili wa Rais, Simba wa Vita, mtu ambaye Mwalimu Nyerere aliweza kumkabidhi serikali na kwenda zake vijijini bila ya wasiwasi moyoni. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba kabla ya vyeo hivyo vyote Kawawa alikuwa mwigizaji wa sinema, na kwamba wako watu wa Tanganyika ambao sura yake iliwafikia kwanza ikiwa sura ya mshamba aliyeingia mjini akadanganywa na wajanja. Sehemu hiyo ya maisha yake imepewa mstari mmoja au miwili katika habari nyingi zilizoandikwa juu yake, nami naona imedhulumiwa, kwa maana hakuna jambo katika ujana wake lililomfundisha kusimama mbele ya hadhira kuliko lile.

Kuisimulia habari hii kutoka Upare kuna sababu yake. Watu wengi hudhani kwamba sinema za Kiafrika za sehemu hizi zilianzia Dar es Salaam au Nairobi, ilhali zilianzia Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa majirani zetu wa upande wa kusini-mashariki, ambako mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa zamani msimamizi wa shamba la mkonge, alifungua kituo cha kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, akisaidiana na G. C. Latham, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika mfuko wa Carnegie wa New York. Katika muda wa miaka miwili hivi kituo kile kilitoa filamu zipatazo 35, za milimita 16, zisizo na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, zikapigwa sambamba na picha, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walioigiza walikuwa watu wa kawaida, ambao ustadi wao ulikuwa katika kuyajua maisha waliyoyaonyesha. Mafunzo yalikuwa juu ya malaria ya watoto wachanga, juu ya safura, juu ya mmomonyoko wa udongo, juu ya kuweka akiba posta, na juu ya kodi na faida zake. Na baina ya mafunzo hayo palikuwamo hikaya moja iliyoitwa Gumu, ya mtu wa shamba aliyeharibikiwa na maisha ya mjini. Namwomba msomaji amshike Gumu huyo asimwache, kwa kuwa atarudi tena, na tena, kwa majina mengine.

Hiyo filamu ya kodi nayo ina la kutuambia sisi wa Upare. Serikali iliyodhani kwamba kodi ni jambo linaloelezeka kwa picha, na kwamba mtu akishaonyeshwa inakokwenda fedha yake ataridhika, ilipata jawabu lake hapa Same. Ilipoletwa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, wazee na vijana waliteremka mwaka 1945 kutoka pande zote za milima, Mamba, Suji, Usangi, Gonja na kwingineko, wakakusanyika kwa maelfu makao makuu ya wilaya na kukaa kwa amani muda mrefu, wakidai kusikilizwa. Na kina mama wa Usangi wakasimama kwa ujasiri wao mwaka uliofuata, hata hatimaye kodi ile ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, ameiandika taarikhi hiyo vyema, wala sina haja ya kuirudia. Nataka tu kusema kwamba watu wa namna hiyo, walioweza kukaa kitako mbele ya boma mpaka serikali ikabadili nia, hawakuwa hadhira ya kupumbazwa na kitambaa cheupe kilichotundikwa baina ya miti miwili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ikaazimia kwamba elimu ya watu wazima ndiyo njia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Upare ikawa miongoni mwa mahali palipochaguliwa kujaribiwa mpango wa kufundisha umma kusoma na kuandika pamoja na maendeleo ya vijiji, ukianzia milima ya kaskazini. Kazi za namna hiyo zilikuwa chini ya idara iliyoshughulika na ustawi wa jamii. Katika idara hiyo ndimo alimoingia, mwaka 1951, kijana aliyetoka punde Shule ya Serikali ya Tabora, mzaliwa wa Matepwende upande wa Songea, mwaka 1926, aliyesomea Liwale na Dar es Salaam, na ambaye baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Kijana huyo, ndiye Kawawa, alipewa kazi za kampeni ya kusoma na kuandika, na kazi za sinema zilizotembezwa kwa magari.

Gari la sinema lilikuwa na haiba yake, na waliokuwa watoto wakati ule hawalisahau. Liliingia kijijini mchana, likazunguka likitangaza kwa kipaza sauti, na watu wakaacha majembe mapema. Jua likishazama kitambaa kilikazwa kwa kamba, mashine ya umeme ikaanza kunguruma nyuma ya gari, wadudu wakajaa katika mwale wa taa, na watoto wakaketi mbele kabisa, mchangani, wengine wakiangalia picha kutoka upande wa pili wa kitambaa ambako maandishi yalisomeka kinyume. Kando ya mashine alisimama mfasiri na kipaza sauti mkononi, akieleza yanayoonekana, akijibu maswali ya watu, akiwanyamazisha wenye zogo. Mtu aliyefanya kazi baina ya watu wa namna hiyo usiku baada ya usiku hujua, bila ya kuambiwa na mwalimu yeyote, ni neno gani huwafanya wacheke na ni neno gani huwafanya waondoke.

Ndipo likaja jaribio la miaka 1951 hadi 1953. Serikali ya Tanganyika ilipatana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg zitengenezwe filamu za hadithi, kwa Kiswahili, zikiigizwa na Waafrika wa nchi hii: Muhogo Mchungu, Dawa ya Mapenzi, Wageni Wema na nyinginezo. Kawawa akachaguliwa kuwa mwigizaji mkuu, na katika Muhogo Mchungu akawa ndiye mshamba mwenyewe, aliyeingia Dar es Salaam na imani yake yote na kutumbukia mikononi mwa walaghai.

Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Aliyeigiza upumbavu ule alikuwa mtu wa Tabora, shule iliyokuwa kilele cha elimu ya vijana wa Kiafrika wa wakati wake, mtu aliyezungumza Kiingereza na aliyeijua ofisi. Kuigiza mjinga ni kazi ngumu kuliko kuigiza shujaa: shujaa hubebwa na hadithi, lakini mjinga akizidisha kidogo huwa kichekesho kisicho na utu, na akipunguza kidogo hakuna anayemwamini. Huko Marekani, katika zama hizo, kazi hiyo ilikuwa na mabingwa wake, watu ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa juu ya milango ya majumba ya sinema, lakini bila ya wao hadithi haikukaa sawa. Walter Brennan, mzee kibogoyo, mlevi, mpishi wa wachunga ng'ombe, kila mara mtu wa chini, alipata tuzo ya Oscar mara tatu, kwa filamu za mwaka 1936, 1938 na 1940, akiwa pembeni ya waigizaji warembo ambao baadhi yao hawakuipata hata mara moja. Lau Kawawa angezaliwa Marekani, na lau rangi ya ngozi isingekuwa kizuizi huko, naamini angekuwa katika safu hiyo ya waigizaji wa tabia za watu, si katika safu ya wapenzi na mashujaa. Maana wasifu wake wote unaonyesha mtu aliyekubali nafasi ya pili kwa hiari na kuijaza kwa ukamilifu.

Sinema zile hazikuendelea. Kampuni ikamaliza kazi yake, naye Kawawa akaendelea na utumishi, ikiwa ni pamoja na kazi baina ya Wakikuyu waliowekwa kizuizini nchini wakati wa Mau Mau. Mwaka 1955 lilipoundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, yeye akawa katibu mkuu wake wa kwanza, akauacha utumishi wa serikali mwaka 1956, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu alipojiuzulu ili akakijenge chama cha TANU, Muhogo Mchungu akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ulimwengu ulistaajabu sana Ronald Reagan, mwigizaji wa Hollywood, alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981. Sisi tulikwisha kuliona jambo hilo miaka 19 kabla, wala hatukulifanyia makelele.

Mwaka huohuo wa 1962 ndio ilipotoka filamu ya Hatari!, ya Howard Hawks, iliyopigwa Arusha, Momella na Ngorongoro, mwendo wa siku moja kwa gari kutoka Same. Humo alikuwamo John Wayne, na pamoja naye Red Buttons, mmoja wa wale waigizaji wa pembeni niliowataja, aliyepata tuzo yake kwa filamu ya mwaka 1957, akicheza mtu mwoga mwenye akili ambaye huwanasa tumbili kwa wavu uliorushwa na roketi. Ni filamu yenye ufundi mkubwa, na faru waliofukuzwa mle ni faru wa kweli. Lakini nikiitazama naona kwamba Waafrika wamo kama madereva na wabebaji, watu wasio na hadithi yao, katika nchi ambayo miaka 10 kabla yake Mwafrika alikuwa ndiye kiini cha picha na alizungumza Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Nchi ilikwisha kupata uhuru, lakini kamera ilikuwa bado haijaupata.

Namrejea Gumu. Hikaya ya mtu wa shamba anayepotea mjini ilitengenezwa Vugiri na Meja wa Kiingereza. Ikatengenezwa tena na serikali ya kikoloni, Kawawa akiwa ndiye mpotevu. Kisha ikatengenezwa mara ya tatu, katikati ya miaka ya 1970, na shirika letu wenyewe, Tanzania Film Company, katika Fimbo ya Mnyonge, ambamo kijana Yombayomba anakwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, anaikosa, na anarudi kupata maisha mema katika kijiji cha ujamaa. Na wakati huo aliyekuwa Waziri Mkuu, na mmoja wa wasimamizi wakubwa wa uhamishaji wa watu kwenda vijijini, alikuwa Kawawa yuleyule. Watengenezaji watatu wa fikira mbalimbali, na kila mmoja akamwambia kijana wa shamba neno lilelile: kaa kwenu.

Rai yangu ni kwamba hikaya hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, katika mara zote tatu. Kijana wa Vudee au wa Hedaru hakuondoka kwa upumbavu. Aliondoka kwa sababu shamba la baba yake mlimani liligawanywa baina ya ndugu hata likabaki vipande, na huku chini tambarare mvua ni ya kubahatisha na sehemu ya nyika ikawa hifadhi ya wanyama ya Mkomazi tangu mwaka 1951. Akaenda kwenye mkonge, akaenda Tanga, akaenda Mombasa, na wengi wao fedha waliyoipata huko ndiyo iliyosomesha wadogo zao na kuezeka nyumba za wazazi wao kwa mabati. Sinema hazikumwonyesha huyo. Simlaumu Kawawa kwa hilo, kwani mwigizaji haandiki hadithi, na naona kwamba alimpa mshamba wake uso wa binadamu pale ambapo wenye fedha walitaka mfano wa kuonya tu. Na alipopata amri mikononi, ndiye aliyetangaza mwaka 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, ili yule mshamba akiingia ofisini asihitaji mjanja wa kumfasiria barua yake. Kwangu mimi, tendo hilo limeitimiza kazi yake ya sinema kuliko filamu yoyote.

Kawawa alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Filamu za Vugiri zilizosalia katika hifadhi za Uingereza ni chache mno. Lakini hadhira ya miaka ile bado ipo, hapa kwetu, ingawa inapungua kila masika: watoto walioketi mchangani mbele ya kitambaa sasa wana miaka 80 na zaidi. Nawaomba walimu wa Same na wa Mwanga, na vijana wenye simu ziwezazo kunasa sauti, wawaendee wazee hao, wawaamkie kwa adabu, na wawaulize gari la sinema lilisimama wapi, lilionyesha nini, mfasiri alisema kwa Kipare au kwa Kiswahili, na watu walicheka wapi. Wayaandike majibu pamoja na jina la kijiji na la msemaji mwenye kuridhia, na nakala waiache shuleni.