Ligi Isiyo na Daraja

Wahenga walisema: Aliye juu mngoje chini. Methali hii tumeifundisha miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wetu huifafanua kwa mifano ile ile: tajiri aliyefilisika, mtawala aliyepinduliwa. Nimeona kwamba uko mfano mwingine ulio karibu zaidi na nyoyo za vijana, nao ni mpira wa miguu. Timu inayotamba mwaka huu yaweza kuporomoka mwaka ujao, na kwa jambo hilo Kiswahili kimejipatia msemo wake: timu hupanda daraja, na timu hushuka daraja.

Neno daraja lina maana pana. Ni kipandio cha ngazi, ni cheo, na tena ni kivuko cha kuvukia mto. Mwanafunzi akiulizwa maana ipi ndiyo inayohusu mpira, atasema ni cheo. Mimi humwambia kwamba maana zote tatu zimo, na kisa ninachotaka kuwasimulia wasomaji katika makala haya kinathibitisha hivyo. Ni kisa cha vilabu 12 vya Ulaya ambavyo mwezi wa Aprili mwaka 2021 vilijaribu kuunda ligi isiyo na daraja, na cha mashabiki waliovikatalia.

Ili tukielewe kisa hicho yafaa tuanze mbali kidogo, kwani walioipinga ligi ile na walioitetea wote waliitaja historia, na si wote walioijua.

Vilabu Kumi na Viwili vya Kwanza

Mwaka 1885 Uingereza iliruhusu rasmi wachezaji kulipwa mishahara. Tangu hapo vilabu vikawa na mzigo mpya. Mishahara ilipaswa kulipwa kila juma, lakini mapato hayakuwa na hakika. Mchezo ulioahidiwa ungeweza kuvunjwa siku yoyote, watazamaji wakarudi majumbani na viingilio vyao mifukoni. Mtu aliyetafuta dawa ya tatizo hilo ni William McGregor, Mskochi mfanyabiashara wa nguo mjini Birmingham, aliyekuwa kiongozi wa klabu ya Aston Villa. Mwezi Machi 1888 aliviandikia barua vilabu vichache akipendekeza kwamba kila mwaka vikutane kwa ratiba isiyovunjwa. Tarehe 17 Aprili 1888, katika mkutano uliofanyika Manchester, Ligi ya Mpira ikaundwa.

Vilabu vilivyoiunda vilikuwa 12: Accrington, Aston Villa, Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Burnley, Derby County, Everton, Notts County, Preston North End, Stoke, West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers. Hivi vilikuwa miongoni mwa vilabu vyenye nguvu za fedha katika zama zao, na viliungana kwa sababu ya fedha. Waliobaki nje walinung'unika. Basi asije mtu akatuambia kwamba ligi ya kwanza duniani ilianzishwa na maskini kwa ajili ya maskini.

Hata hivyo, waasisi wale waliweka sharti moja lililokuja kuwa na uzito kuliko walivyodhani. Kila mwisho wa msimu, timu nne za mwisho zilipaswa kuomba upya uanachama, na vilabu vingine viliweza kuomba nafasi hizo. Sharti hilo halikuwa la maneno matupu. Mwaka 1890 Stoke, mmoja wa waasisi, ilikataliwa, na nafasi yake wakapewa Sunderland. Mwaka 1892 likaundwa Daraja la Pili, na mwaka uliofuata ikawekwa michezo ya mchujo baina ya timu za mwisho za daraja la juu na timu za kwanza za daraja la chini. Mwaka 1898 mchujo huo ukafutwa, na kupanda na kushuka kukawa kwa matokeo ya ligi yenyewe.

Mwaka 1894 mchujo mmojawapo ulizikutanisha Newton Heath, iliyokuwa ya mwisho juu, na klabu changa iliyoundwa miaka miwili tu kabla yake. Klabu changa ilishinda mabao 2 kwa 0, ikapanda. Newton Heath ikashuka. Klabu hiyo changa ilikuwa Liverpool. Na Newton Heath ndiyo iliyobadili jina mwaka 1902 ikaitwa Manchester United.

Kujitenga kwa Mwaka 1992

Kwa karibu miaka mia moja vilabu vya Uingereza viliishi chini ya paa moja. Mpaka mwaka 1983 timu ya nyumbani ilitakiwa kumgawia mgeni sehemu ya viingilio vya mchezo wa ligi. Mwaka huo desturi hiyo iliondolewa, na vilabu vyenye viwanja vikubwa vikabaki na mapato yao yote. Fedha za televisheni nazo zilipoanza kuongezeka, vilabu vikubwa viliona uchungu kuzigawa kwa vilabu zaidi ya 90. Vitano kati yake, yaani Arsenal, Everton, Liverpool, Manchester United na Tottenham Hotspur, vilianza mazungumzo ya kujitenga. Mwaka 1992 vilabu vyote 22 vya Daraja la Kwanza vikaiacha ligi ya McGregor na kuanzisha Ligi Kuu yao. Mkataba wao wa kwanza wa televisheni ulikuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano.

Hapo mashabiki walilalamika sana, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Bei za viingilio zilipanda, saa za michezo zikapangwa kwa kufuata matakwa ya televisheni, na pengo baina ya walio juu na walio chini likapanuka mwaka hata mwaka. Lakini ngazi haikuvunjwa. Timu za mwisho ziliendelea kushuka, na nyingine kupanda. Ndiyo maana Leicester City, iliyokuwa daraja la tatu katika msimu wa 2008/2009, iliweza kupanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kutwaa ubingwa mwaka 2016.

Siku Mbili za Aprili

Usiku wa Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vilitangaza ligi mpya ya Ulaya. Vya Uingereza vilikuwa sita: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham Hotspur. Vya Hispania vilikuwa vitatu: Atlético Madrid, Barcelona na Real Madrid. Vya Italia navyo vitatu: Inter, Juventus na Milan. Mwenyekiti wao alikuwa Florentino Pérez wa Real Madrid, na fedha ziliahidiwa na benki kubwa ya Marekani, JPMorgan. Ligi ingekuwa na timu 20. Kati ya hizo, 15 zingekuwa wanachama wa kudumu, wasioshuka hata wangeshindwa kila mchezo. Nafasi tano zilizosalia ndizo zingeshindaniwa na bara zima.

Hoja za waasisi hawa hazikuwa za kupuuzwa. Janga la korona lilikuwa limefunga viwanja. Barcelona peke yake ilikuwa na madeni yaliyozidi euro bilioni 1. Pérez alieleza kwamba nia yao ni kuuokoa mpira, kwani vijana wameanza kuuacha. Mwaka uliotangulia Andrea Agnelli, kiongozi wa Juventus, alikuwa amehoji hadharani kama ni haki klabu kama Atalanta, kwa msimu mmoja mzuri, kuchukua nafasi katika mashindano makubwa ya Ulaya mbele ya klabu yenye historia ndefu zaidi.

Jibu lilitoka barabarani. Jumatatu wachezaji wa Leeds United walipasha misuli, kabla ya kukutana na Liverpool, wakiwa wamevaa fulana zilizosema kwamba nafasi hupatikana kwa jasho na kwamba mpira ni wa mashabiki. Jumanne mashabiki wa Chelsea walijaa nje ya uwanja wao, Stamford Bridge, wakaizuia njia. Petr Čech, golikipa wao wa zamani, alitoka kuwasihi wapishe basi la timu. Jioni ile ile Manchester City ikajitoa, na kabla ya usiku kwisha vilabu vyote sita vya Uingereza vilikuwa vimejitoa. Asubuhi yake mmiliki wa Liverpool, John W. Henry, aliwaomba radhi mashabiki. Tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia kwa nguvu uwanjani Old Trafford, na mchezo dhidi ya Liverpool ukaahirishwa. Wengi wao walijifunga skafu za kijani na dhahabu, rangi za ile Newton Heath ya kale.

Wahenga walisema pia: Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

Mabishano Yetu

Huku kwetu, katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya baraza na soko, jambo hili lilijadiliwa kwa ukali ule ule. Mabishano hayo yalitufuata hata ofisini kwa walimu, na hayakwisha mwaka ule.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu aliitetea ligi mpya. "Mwalimu," aliniambia, "wewe na mimi hatujapata kukanyaga Old Trafford. Tunatazama kwa mbali. Je, si heri kwetu kila juma tuone Real Madrid na Liverpool, kuliko kutazama timu ambazo hata majina yake hatuyajui?" Akaongeza kwamba waliokuwa wakilia mwaka 2021, yaani Ligi Kuu na televisheni zake, ndio walioitenga mali ya wenzao mwaka 1992. Hoja hiyo ya pili ni ya kweli, nami sikuibishia.

Hoja yake ya kwanza ndiyo iliyoniuma, kwa maana ilituhusu sisi. Katika siku zile iliripotiwa kwamba ndani ya mradi ule mashabiki wa kale, wanaokwenda uwanjani, walitofautishwa na mashabiki wa siku zijazo, ambao ni watazamaji wa mbali wanaovutiwa na majina makubwa. Yaani sisi. Ligi ilikuwa inaundwa kwa jina letu, wala hatukuulizwa. Mtazamaji wa mbali alidhaniwa kuwa mteja asiyejali nani anashuka na nani anapanda, mradi aonyeshwe nyota.

Nilimwomba mwalimu mwenzangu tufanye hesabu, kwa kuwa ndiyo fani yake. Tuchukue vile vilabu 12 vya mwaka 2021. Ni vingapi vilivyopata kushuka kutoka daraja la juu la nchi yao? Arsenal ilishuka mwaka 1913, Liverpool 1954, Manchester United 1974, Tottenham 1977, Chelsea 1988. Manchester City ilifika hadi daraja la tatu mwaka 1998. Atlético ilishuka mwaka 2000. Milan ilishuka mara mbili, mwaka 1980 kwa adhabu na mwaka 1982 kwa kushindwa. Juventus ilishushwa mwaka 2006 kwa adhabu. Ni tisa kati ya 12. Ni Barcelona, Inter na Real Madrid tu ambazo hazijawahi.

Kisha tuchukue vile vilabu 12 vya mwaka 1888, tuvilinganishe na vya Uingereza vya mwaka 2021. Hakuna hata kimoja kilichomo katika orodha zote mbili. Kama McGregor na wenzake wangeamua kwamba waasisi ni wa kudumu, Manchester United na Liverpool wangebaki nje wakichungulia dirishani, na Chelsea, iliyoundwa mwaka 1905, isingepata pa kuingilia. Everton, mwasisi wa mwaka 1888 na mmoja wa wale watano waliotaka kujitenga miaka ya tisini, mwaka 2021 iliachwa nje, nayo ikatoa tamko la kupinga.

Mwenzangu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wamepanda kwa ngazi, kisha wanataka kuiondoa." Sina maneno bora kuliko hayo.

Lakini haki itendeke. Si kweli kwamba mashabiki wakimiliki klabu basi mambo hunyooka yenyewe. Barcelona na Real Madrid ni mali ya wanachama wao, na ndivyo vilivyong'ang'ania mradi ule baada ya wengi kuukimbia. Kwa upande mwingine, nchini Ujerumani, ambako kwa kawaida wanachama ndio wenye kura nyingi ndani ya klabu, Bayern München na Borussia Dortmund zilikataa kujiunga. Umiliki pekee hautoshi. Muhimu ni kwamba wanachama waulizwe, na wakiulizwa wasikilizwe.

Yaliyofuata

Tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kanuni ambazo FIFA na UEFA walizitumia kuzuia mashindano mapya zilikwenda kinyume cha sheria ya ushindani. Waandalizi wa ligi walishangilia, na siku hiyo hiyo wakatoa mpango mpya wa vilabu 64 vya wanaume. Safari hii hapakuwa na wanachama wa kudumu. Kila mwaka timu zingepanda na kushuka. Wale wale waliolifuta daraja walilirudisha kwa mikono yao. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2025 iliunda mamlaka huru ya kusimamia mpira, yenye uwezo wa kuvizuia vilabu visijiunge na mashindano ya namna ile.

Nawashauri walimu wenzangu wakitumie kisa hiki darasani, hasa katika somo la mdahalo. Wagawanyeni wanafunzi makundi mawili, kundi moja litetee ligi ya matajiri na jingine liipinge, na kila kundi lidaiwe ushahidi wa miaka na majina, si kelele za ushabiki. Kisha waulizeni swali moja la nyongeza: kama katika shule yao wanafunzi 15 wangehakikishiwa kupanda darasa kila mwaka, wafaulu wasifaulu, ni nani angesoma kwa bidii? Wale 15, au wale waliobaki?

Baada ya hapo ndipo waandikeni ubaoni ile methali ya aliye juu, na muwaache waieleze wenyewe.