Walei na uongozi wa masomo ya Biblia parokiani

Kwa miaka mingi Mkatoliki wa kawaida aliyasikia Maandiko Matakatifu kanisani tu, tena kwa kinywa cha padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Dei Verbum ya Novemba 18, 1965, uliwahimiza waumini wote wayasome. Maaskofu wa Afrika Mashariki (AMECEA) walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Hizi hukutana nyumbani kwa waumini, ambako padri hafiki kila wiki. Ndipo haja ya walei waliofunzwa ikajitokeza.

Mbinu iliyoenea ni ya hatua saba, iliyovumishwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana, kuzungumzia kazi ya kutenda, na kusali. Kiongozi mgeni hutaabika zaidi katika hatua ya nne. Kimya cha dakika chache humtia wasiwasi, naye huanza kuhubiri, ilhali kazi yake ni kumpa nafasi hata mwanajumuiya asiyejua kusoma, ambaye pengine amelishika somo kwa kulisikia tu.

Hata hivyo, hatua hizo pekee hazitoshi. Kiongozi asiyetofautisha zaburi na barua ya Paulo aweza kuifanya aya moja rungu katika ugomvi wa majirani. Mafunzo ya wikendi moja hayamkingi na kosa hilo. Sharti azoezwe kuuliza kwanza nani aliandika, akiwaandikia nani, na kwa sababu gani.